Mwongozo wa Mtu Mwema Anayetaka Kuwasaidia Wenyeji

Hongera kwa huruma yako. Umeona picha ya Mhadzabe na upinde wake, au umemsikia mama wa Kimasai kwenye taarifa ya habari akieleza jinsi boma lake lilivyochomwa, na sasa umeazimia kutoa. Huenda ni laki mbili za mshahara wako wa Dar es Salaam. Huenda ni fungu la kampuni yenu la kuirudishia jamii, ambalo sharti liishe kabla mwaka wa hesabu haujafungwa. Umesikia pia kwamba mtindo wa siku hizi si kuwapa wageni wakawape wenyeji, bali kuyapa mashirika yaliyoanzishwa na kuendeshwa na wenyeji wenyewe: Wamasai, Wabarabaig, Wahadzabe, Waakie, na ng'ambo ya mpaka Waogiek na Waendorois. Umesikia sawasawa. Tatizo ni kwamba habari hiyo imewafikia na wengine, na baadhi yao wamekwisha kuchapisha vibao.

Mwongozo huu ni wako. Ukiufuata neno kwa neno, fedha zako zitapotea kwa adabu na utabaki na picha nzuri. Ukiusoma kinyumenyume, huenda zikafika.

Anza kwa kuchagua shirika kwa kibao. Kibao kizuri kina ngao, mikuki miwili iliyopishana, majina ya jamii tatu ambazo hazijawahi kukaa kikao kimoja, na neno "endelevu". Ofisi iwe mjini Arusha, karibu na hoteli, ili usisumbuke. Mkurugenzi awe mtu wa kuvaa shuka siku ya ugeni tu, na wewe umsifie kwa kutunza mila. Usiulize mkutano mkuu wa wanachama ulikaa lini mara ya mwisho, wala kama wanachama wenyewe wanajua kuwa ni wanachama. Usiulize mwenyekiti wa bodi ana undugu gani na mkurugenzi. Swali hilo ni la kukosa adabu, na jibu lake ni shemeji.

Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali usimsumbue. Yupo, na sheria yake ipo tangu 2002. Kanuni za 2018 zinataka mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 upelekwe kwake na Hazina, na fedha hizo zitangazwe hadharani. Kenya nao walipitisha sheria yao ya mashirika ya manufaa ya umma mwaka 2013, wakaikalia hadi 2024 ndipo ikaanza kutumika. Asasi ya kweli utaitambua kwa mhasibu wake: ana faili nene la barua za mambo haya, anaanza kulalamika kabla hujakaa, na chai ya wageni anaidai risiti. Mtu wa namna hiyo anachosha. Rudi kwa yule mwenye kibao.

Akikushauri ugharimie warsha, kubali. Warsha ni kitu salama kabisa, haijawahi kumuudhi mtu yeyote. Wazee thelathini watabebwa kwa basi kutoka vijijini, watapewa kalamu, daftari na sambusa, kisha kijana wa miaka ishirini na sita atasimama mbele ya bango kitita na kuwafundisha utatuzi wa migogoro. Miongoni mwa wanaofundishwa yumo mzee aliyevusha ng'ombe mia nne katika ukame wa aina tatu, akipita kwenye malisho ya koo ambazo hazisemezani, bila damu kumwagika. Atasikiliza kwa heshima. Atasaini mara mbili, moja ya posho na moja ya nauli. Alasiri atakwenda kumwona daktari wa macho, na hiyo ndiyo sababu hasa iliyomleta mjini. Katika ripoti ataandikwa kuwa amejengewa uwezo.

Ukitaka fedha ziyeyuke haraka zaidi, achana na ofisi, ingia kwenye utamaduni. Njia ya kwenda Ngorongoro ina maboma yaliyojengwa kwa ajili ya watalii, na Kenya kando ya Maasai Mara yapo tele. Unalipa kiingilio, unachezewa ngoma, unaruka kidogo, unauziwa bangili kwa bei ya kiatu. Kiingilio unamkabidhi dereva. Huko Mara ilibainika zamani kwamba madereva walikuwa wakibakiza sehemu kubwa ya fedha hizo, na akina mama waliocheza juani wakaambulia chenji. Usifuatilie. Dereva ni mcheshi na gari lake lina feni.

Au nenda Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi. Mnatoka Karatu kabla ya alfajiri, mnapita katikati ya mashamba ya vitunguu yaliyomwagiliwa usiku, dereva anateremka na kuulizia kambi imehamia wapi. Wahadzabe kwa jumla ni kama elfu moja na kitu tu, na asubuhi moja ya msimu mzuri magari yanaweza kupigana vikumbo kuwatafuta. Mtawafuata vijana wawili wakiwinda ndege porini, mtajaribu kupiga mshale kwenye gogo, kisha mtapelekwa kwa mhunzi wa Kidatoga ambaye anayeyusha mabomba ya shaba na makufuli mabovu na kuyageuza bangili. (Mhunzi huyo, kwa maoni yangu, ndiye pekee katika safari nzima anayekuuzia kitu kwa thamani yake.) Saa nne mko hotelini mnakunywa chai. Watafiti waliokaa na Wahadzabe miaka mingi wameandika jinsi noti za watalii zinavyogeuka pombe kambini kabla jua halijazama. Usiyasome hayo. Andika kwamba umesaidia jamii ya mwisho ya wawindaji.

Upande wa pili wa milima, katika bonde la Yaeda wilayani Mbulu, wapo Wahadzabe wengine ambao sikushauri uwatembelee, kwa sababu walichonacho ni karatasi. Mwaka 2011 walipata hatimiliki ya kimila ya eneo linalozidi hekta 20,000, kwa jina la jamii nzima. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, iliyozaa hati hizo, imezoeleka zaidi kwa mtu mmoja mwenye shamba lake na mpaka wa mkonge. Waliosaidia kuitumia kwa jamii isiyolima wala kufuga walikuwa Ujamaa Community Resource Team, asasi ya Arusha iliyotokana na watu wa huko huko: wafugaji, waliosoma kidogo au sana, waliokulia katika vijiji vilivyopunguzwa ardhi. Mmoja wao, Edward Loure, ni Mmasai wa Simanjiro, ambako wafugaji waliondolewa mwaka 1970 ili kupisha hifadhi ya Tarangire. Mwaka 2016 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman kwa kazi hiyo ya hati za pamoja, ambayo kufikia hapo ilikuwa imelinda zaidi ya ekari 200,000.

Nakuonya mapema: kazi hii haina mvuto wowote. Kikao cha mpaka kinaitishwa saa nne, yaani saa saba. Kinafanyika chini ya mgunga, mwenyekiti wa kijiji akiwa kwenye kiti cha plastiki na mtendaji akihesabu vichwa kuona kama akidi imetimia. Haijatimia, kwa sababu wanaume wa kitongoji kimoja wamepeleka ng'ombe kunywa. Afisa ardhi wa wilaya yupo, lakini alifuatwa kwa gari la asasi, maana la wilaya halina mafuta. Wajumbe wa kijiji jirani wamekaa mbali kidogo, fimbo mapajani, wakingoja mtu aseme uongo. Mzee mmoja anasimama, ananyoosha fimbo na kusema mpaka unapita kwenye ule mti. Mti upi? Ule uliokatwa. Hapo zinapita saa mbili. Mwishowe watu wanaamka na kutembea, wazee mbele, mpima nyuma na GPS yake, wakitafuta kisiki. Kikipatikana, wanarudi kusaini, wengine kwa kalamu, wengine kwa dole gumba lenye wino. Muhtasari unapelekwa wilayani, na baada ya majuma kadhaa unarudishwa: muhuri umefunika tarehe. Kikao kinaitishwa upya.

Sasa tazama bajeti ya shughuli hiyo. Mafuta ya gari. Posho ya afisa ardhi. Mbuzi wawili na mchele wa wajumbe. Wino, karatasi, mafuta tena. Hakuna hata kitu kimoja humo ambacho mfadhili mwenye akili timamu angependa nembo yake ibandikwe. Ndiyo maana andiko la mradi wa mpaka hurudishwa na maoni kwamba "gharama za uendeshaji zimezidi", wakati andiko la tamasha la ngoma linapita bila swali. Wewe fuata mkumbo.

Kwa bonde la Yaeda karatasi ile ilizaa jambo ambalo nadhani ndilo linalowaudhi zaidi wapenzi wa mishale: fedha za kawaida. Wahadzabe wanalinda misitu yao, kampuni ya Carbon Tanzania inauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo, na mapato yanarudi kwa jamii kulipa walinzi wao, matibabu na ada za shule. Carbon Tanzania si asasi ya wenyeji, ni kampuni, na biashara ya hewa ya ukaa ina maswali yake mengi. Lakini mezani pale Wahadzabe walikaa wakiwa na hati mkononi, nalo ni jambo ambalo babu zao hawakuwahi kulipata kwa serikali yoyote, ya mkoloni wala yetu.

Kanuni nyingine ya mtu mwema: penda mila, ogopa ardhi. Toa kwa ushanga, toa kwa lugha, toa kwa hadithi za bibi. Mambo ya mipaka yakija, sema shirika lenu halijihusishi na siasa. Loliondo mwezi Juni 2022 serikali ilipopanda vigingi kutenga kilomita za mraba 1,500, palitokea vurugu, watu wakaumia, wengine wakavuka kwenda Kenya kutafuta hospitali. Katika kipindi kama hicho mfadhili mwerevu huhamishia fungu lake kwenye maonyesho ya mavazi. Lakini usiende kwa Baraza la Wanawake Wafugaji, lililoanzishwa huko huko Loliondo mwaka 1997 na wanawake wa Kimasai, Maanda Ngoitiko akiwa mmoja wao. Wale wataanza kukueleza habari za mbuzi wa mjane na mkopo wa kikundi, watakuonyesha sekondari ya Emanyata waliyoijenga, na kabla hujamaliza chai mmefika kwenye ardhi. Wao hawaoni mahali ambapo jambo moja linaishia na lingine kuanza, na hata mimi nimejaribu kupaona, sijapaona.

Wala usidhani ubishi huu wameufundishwa na wazungu, ingawa utaambiwa hivyo mara nyingi. Moringe ole Parkipuny, aliyekuwa mbunge wa Ngorongoro, alikwenda Geneva mwaka 1989 na kuzungumza mbele ya kikundi kazi cha Umoja wa Mataifa cha watu wa asili. Anatajwa kuwa Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Aliporudi alianzisha shirika la KIPOC, na mwaka 1994 mashirika ya wafugaji na wawindaji yakaunda jukwaa la PINGOs, ambalo lingalipo Arusha. Serikali zetu zilijibu kwamba Waafrika wote ni wenyeji, kwa hiyo hakuna jamii ya kutengewa haki zake. Hata hivyo Septemba 2007, Azimio la Haki za Watu wa Asili lilipopigiwa kura New York na kupata nchi 144, Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizosema ndiyo. Kenya haikupiga kura ya ndiyo wala ya hapana. Halafu ikawa Kenya ndiyo iliyoshindwa kesi, tena hapa hapa Arusha.

Hapo inabidi nikuombe uvumilivu, kitu ambacho mradi wako wa miezi kumi na minane hauna. Waendorois waliondolewa kandokando ya Ziwa Bogoria kuanzia 1973. Baraza lao la ustawi lilihangaika na mahakama za nyumbani, likatoka patupu, likafika Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, na uamuzi wa kuwapa haki ukatangazwa mwaka 2010. Waogiek wa msitu wa Mau walipewa notisi ya siku 30 waondoke, Oktoba 2009. Shirika lao, Ogiek Peoples' Development Program la Nakuru, chini ya Daniel Kobei, likishirikiana na wanasheria wa nje, likaibeba kesi hadi Mahakama ya Afrika, hiyo ya Arusha. Hukumu ilisomwa tarehe 26 Mei 2017: Kenya imevunja vifungu saba vya Mkataba wa Afrika. Ya fidia ikasomwa tarehe 23 Juni 2022: shilingi za Kenya milioni 157.85, na warudishiwe ardhi yao kwa hati. Novemba 2023 nyumba za Waogiek wa Sasimwani, kaunti ya Narok, zilibomolewa tena.

Fikiria sasa ofisa wa mfadhili akiuliza viashiria vya robo mwaka. Robo ya kwanza: tumesubiri. Robo ya pili: tumesubiri, tumenunua faili. Kwa miaka yote hiyo kuna mtu alilipa kodi ya ofisi, akawatafutia wazee nauli ya kwenda kutoa ushahidi, akaandika tena majina ya mizinga na mabonde ya kila ukoo ili majaji waelewe kwamba msitu una wenyewe. Kazi hiyo haiingii kwenye kisanduku chochote cha fomu ninazozijua.

Na kama unaona aibu kwa uchache wa laki mbili zako, jipe moyo, wakubwa wanafanya vibaya zaidi. Glasgow mwaka 2021 serikali kadhaa za nchi tajiri na mifuko ya hisani waliahidi dola bilioni 1.7 kwa jamii za asili na wakazi wa misituni duniani. Ripoti yao wenyewe ya mwaka wa kwanza ilikiri kwamba asilimia 7 tu ya zilizotolewa zilikwenda moja kwa moja kwa mashirika ya jamii hizo. Mwaka uliofuata ilishuka hadi 2.1. Zilizobaki zilipitia kwa wapitishaji, na kila mpitishaji ana ofisi, na kila ofisi ina gari. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema kitu kuhusu mgeni anayekuja na makao makuu.

Mambo madogo ya adabu, haraka haraka. Usimwite kila kijana wa Kimasai "yero" kama ufanyavyo kwa mlinzi wa geti lako Sinza. Huyo mlinzi mwenyewe huenda akirudi kwao ni mjumbe wa kamati ya ardhi. Ukikutana na watoto watakuinamishia vichwa: waguse, usiwape pipi. Usilalamike kwamba shuka limetoka kiwandani China na ushanga Ulaya. Ushanga wa Ulaya ulifika zamani, akina mama wakaamua wenyewe kila rangi iseme nini, na hawakukuuliza.

Ukipenda kuona utamaduni ukishughulikiwa na wenye utamaduni, tazama kilichotokea Oxford. Samwel Nangiria wa Loliondo alitembelea makumbusho ya Pitt Rivers, akakuta vitu vya kwao kwenye kabati, vingine vikiwa na maelezo ya ovyo. Hakuomba msaada. Alirudi na wazee, pamoja na oloiboni wao, yaani kiongozi wa kiroho, wakavipitia kimoja kimoja, wakatenga vitano ambavyo kwa mila haviwezi kutoka mkononi mwa familia kwa kuuzwa wala kutolewa zawadi. Kimojawapo ni orkatar, bangili ambayo baba humwachia mwanawe. Mwaka 2023 watu wa makumbusho walikuja huku na kukaa na familia zinazohusika, na kwa kuwa hasara ya namna ile kwa Wamasai hailipwi kwa cheti cha pongezi, walitoa ng'ombe.

Kama umeusoma mwongozo huu kinyumenyume hadi hapa, yaliyobaki ni machache. Tafuta asasi ambayo wanachama wake wanaweza kumfukuza mkurugenzi, na uulize kama wamewahi. Omba kuhudhuria mkutano mkuu, ukae nyuma, usipewe nafasi ya kusalimia. Ukimwona mama mmoja akisimama na kumgombeza mkurugenzi kwa habari ya mafuta ya gari, na mkurugenzi akajibu akiwa amesimama, umefika. Wape fedha bila kuwaambia wazitumie kwa nini. Wao wanajua kisiki kiko wapi. Ukaguzi wa hesabu watakuonyesha, uombe, ni haki yako. Picha usipige.

Namba ya akaunti utapewa na yule mhasibu mlalamishi, naye atakuandikia stakabadhi hata kwa elfu kumi. Ofisi inafunguliwa saa mbili asubuhi. Siku ya mnada usiende, hutamkuta mtu.